Reli, Mgomo na Sheria: Somo la Historia la Kusomwa Likizoni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la Historia ambalo mwanafunzi aweza kulisoma nyumbani bila mwalimu. Nimechagua habari za reli, na hasa swali hili: wafanyakazi wa reli wanapogombana na mwajiri wao, na magari ya moshi yakasimama, Serikali yapaswa kufanya nini?

Labda utaniuliza, "Mwalimu, reli yatuhusu nini sisi watu wa Pito?" Ni kweli kwamba reli haijafika Ufipa. Anayetaka kupanda gari la moshi kutoka Sumbawanga hana budi kwenda Mpanda, upande wa kaskazini, au Tunduma, upande wa kusini. Lakini bei ya saruji dukani, na bei ambayo mfanyabiashara yuko tayari kutoa kwa gunia la mahindi, hutegemea gharama ya kusafirisha mzigo. Tena, wengi wenu mtakuwa wafanyakazi wa mshahara, na baadhi yenu mtakuwa waajiri. Somo la reli ni somo la kazi zote.

1. Kwa nini reli si kama biashara nyingine

Fikiri juu ya malori ya Sumbawanga. Mwenye lori mmoja akitaka nauli kubwa mno, mwenye magunia humwacha akamtafuta mwingine. Dereva mmoja akigoma, barabara haifungwi, na malori mengine hupita.

Reli haiko hivyo. Njia ni moja, mwenye njia ni mmoja, na aliye mbali na bandari hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo mwenye reli aweza kutoza apendavyo asipozuiwa. Vivyo hivyo, wafanyakazi wa reli wakiweka zana chini, mji mzima hukwama: mafuta hayaendi bara, na pamba haifiki pwani.

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Nguvu ya kugoma ndiyo silaha pekee ya mtu asiye na mali ila mikono yake. Lakini mgomo wa reli huwaumiza pia watu wasiohusika na ugomvi. Wapiganapo tembo wawili, nyasi huumia, na nyasi hizo ni mkulima, mgonjwa anayengoja dawa na mwanafunzi anayerudi shuleni. Historia yote nitakayoieleza hapa ni historia ya kutafuta njia kati ya haki hizi mbili.

2. Reli zetu na wenyewe

Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza waliongeza tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, ambalo ndilo lililotukaribia sisi zaidi, lilijengwa baada ya Vita vya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975.

Angalia jambo moja ambalo wanafunzi hulisahau katika mitihani. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda, likawa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Tangu siku hiyo fundi wa Tabora mwenye madai alikuwa akidai kwa mwajiri aliyekaa nchi nyingine. Shirika hilo liliendelea hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na ndipo Tanzania ilipoanzisha Shirika lake la Reli.

3. Mwaka wa migomo, 1947

Vita vilipokwisha mwaka 1945, bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda sana, na mishahara ilikuwa nyuma. Mjini nyumba zilikuwa chache. Tena mishahara, nyumba na vyeo viligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini.

Katika Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Wafanyakazi wa bandari na wa reli waligoma, na wa kazi nyingine wakawafuata. Walianzisha Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Chege Kibachia. Serikali ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: iliweka baraza la kuchunguza mishahara, ambalo liliwapatia wafanyakazi nyongeza, na kabla mwaka haujaisha ikamkamata Kibachia na kumhamishia mbali.

Katika Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Baada ya siku chache wafanyakazi wa reli waliwaunga mkono, na hapo mgomo ukapanda kwa njia ileile ya reli, stesheni kwa stesheni, mpaka miji ya bara. Hili lafaa kukumbukwa. Reli iliyojengwa kuchukua mazao na askari ilichukua pia habari. Kuli wa pwani na karani wa Tabora hawakujuana, lakini waliunganishwa na chuma kimoja na waya mmoja wa simu.

Hapa pia Serikali iliunda baraza la uamuzi, lililojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Hatchell, na mishahara ikaongezwa kwa kiasi kikubwa. Wafanyakazi wakajifunza kwamba wakinyamaza hawasikilizwi, na wakigoma hupata baraza. Nawaomba mlitie jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

4. Mgomo wa siku 82

Katika miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vilikua upesi. Mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Wafanyakazi wa reli walikuwa na chama chao, na katibu mkuu wake alikuwa Kasanga Tumbo.

Katika Februari 1960 chama hicho kiligoma. Madai yalihusu mishahara na masharti ya kazi, na nyuma yake kulikuwa na hasira ya siku nyingi kuhusu Waafrika kunyimwa nafasi za juu. Mgomo ulidumu siku 82. Hebu hesabuni: ni karibu miezi mitatu bila mshahara, katika nyumba ambazo nyingi zilikuwa za mwajiri mwenyewe. Mtu hafanyi hivyo kwa mchezo.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Uhuru ulikuwa mlangoni. Viongozi wa TANU, ambao wengi walikuwa marafiki wa vyama vya wafanyakazi, walijua kwamba baada ya muda mfupi wao ndio watakaokuwa Serikali. Mgomo unaomtikisa mkoloni leo waweza kuitikisa Serikali ya wananchi kesho. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, swali hilo lilikuwa tayari mezani.

5. Marekani walifanyaje?

Kabla ya kuendelea na habari zetu, natazama kidogo nchi nyingine, kwa kuwa shida hii si yetu peke yetu. Marekani ilikuwa na reli nyingi kuliko nchi yoyote, nazo zilikuwa mali ya makampuni ya watu binafsi.

Kwanza walidhibiti nauli. Wakulima walilalamika kwamba matajiri hurudishiwa sehemu ya nauli kwa siri, na kwamba mzigo wa safari fupi hutozwa kuliko wa safari ndefu. Mwaka 1887 bunge lao liliunda Tume ya Biashara baina ya Majimbo, na mwaka 1906 likaipa uwezo wa kuweka kikomo cha nauli.

Ugomvi wa kazi ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka 1894 kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa karibu na Chicago, ilipunguza mishahara lakini haikupunguza kodi za nyumba ilizowapangisha wafanyakazi wake. Wafanyakazi wakagoma, na chama cha Eugene Debs kikawaunga mkono kwa kukataa kuendesha magari yenye mabehewa ya Pullman. Rais Cleveland alipeleka askari Chicago, watu wakafa, na Debs akafungwa miezi sita kwa kukaidi amri ya mahakama. Mgomo ulivunjika, lakini ugomvi haukwisha.

Mwaka 1916 madereva na wenzao walipotishia kugoma nchi nzima, Rais Wilson aliliomba bunge lipitishe sheria ya siku ya kazi ya saa nane, nalo likapitisha. Mwishoni mwa mwaka 1917, kwa sababu ya vita, Serikali ilizichukua reli zenyewe, ikazirudisha mwaka 1920. Mwaka huo waliunda baraza la watu tisa: watatu wa wafanyakazi, watatu wa makampuni na watatu wa umma. Lilikuwa zuri kwenye karatasi, lakini halikuwa na nguvu ya kutekeleza uamuzi wake. Makampuni yalipotaka kulidharau yalilidharau. Mwaka 1922 lilipokubali mishahara ya mafundi wa karakana ipunguzwe, mafundi karibu 400,000 waligoma.

Mwishowe, mwaka 1926, walipata sheria iliyo tofauti kwa jambo moja: kabla ya kupelekwa bungeni, vyama vya wafanyakazi na makampuni vilikaa pamoja wakaiandaa. Sheria hiyo hulazimisha mazungumzo, kisha usuluhishi, kisha baraza la uchunguzi, na katika muda wote huo hakuna kugoma. Yatumika mpaka leo. Hata hivyo haikumaliza kila kitu. Mwaka 2022 baadhi ya vyama vilikataa mkataba kwa sababu haukuwapa siku za ugonjwa zenye malipo, na bunge likawalazimisha waukubali.

6. Sheria zetu, 1962 hadi 1967

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1962 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kusuluhisha Migogoro ya Kazi. Kwa sheria hiyo mgogoro ulipaswa kupelekwa kwanza kwa Kamishna wa Kazi, kisha kwa msuluhishi, na ukishindikana, kwa baraza ambalo uamuzi wake ni wa lazima. Mgomo uliofanywa bila kupitia hatua hizo ulikuwa kosa. Sheria nyingine ya mwaka huohuo iliipa Serikali uwezo mkubwa juu ya vyama vya wafanyakazi na fedha zao.

Kulikuwa na sababu ya haki. Nchi ilikuwa changa na maskini, na Serikali ilisema kwamba wafanyakazi wachache wa mjini wasiikwamishe nchi ya wakulima. Wapinzani, Tumbo akiwa mmoja wao, walijibu kwamba chama kisichoweza kugoma ni kama mbwa aliyeng'olewa meno. Tumbo alikuwa amepelekwa London kuwa Balozi, lakini alijiuzulu mwaka huohuo wa 1962 akaingia katika upinzani.

Katika Januari 1964 askari waliasi, na katika msukosuko huo viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini. Mwezi uliofuata shirikisho la zamani lilivunjwa kwa sheria, na chama kimoja tu, NUTA, kikawekwa mahali pake. Michael Kamaliza alikuwa Waziri wa Kazi, na wakati huohuo Katibu Mkuu wa NUTA. Fikirini maana yake: aliyepaswa kudai na aliyepaswa kuamua walikaa katika kiti kimoja.

Lakini kusema wafanyakazi hawakupata kitu si kweli. Mwaka huohuo wa 1964 sheria nyingine iliwakinga wasifukuzwe ovyo, na ikaweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Kudumu la Kazi ili kuamua migogoro na kuangalia mikataba ya mishahara. Mfanyakazi alipoteza silaha, akapewa ngao. Je, ngao hiyo ilitosha? Hilo ndilo swali ambalo mwanahistoria mwaminifu hana budi kuliuliza.

7. Sheria ya leo

Vyama huru vya wafanyakazi vilirudi katika miaka ya 1990, pamoja na chama cha wafanyakazi wa reli, TRAWU. Sheria inayotumika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yafaa kila mwanafunzi wa Uraia azijue hatua zake.

Kwanza, mgogoro hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na msuluhishi hupewa siku 30. Pili, usuluhishi ukishindikana, chama hupigisha kura. Tatu, walio wengi wakikubali, mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Mgomo ukiwa halali, mwajiri haruhusiwi kuajiri watu wa badala ili kuuvunja, wala wagomaji hawaruhusiwi kumfungia mwajiri ndani. Huduma kama maji, umeme, afya na zimamoto zimewekwa kando, na watumishi wake hawagomi. Reli kwa jumla haikutajwa humo, ila usafiri unaohitajika ili huduma hizo zifanyike.

Kuna tofauti moja zaidi, nayo ni muhimu kabisa. Ukidai nyongeza ya mshahara, huo ni mgogoro wa maslahi, na waweza kufika kwenye mgomo. Lakini ukidai mshahara ambao tayari ni haki yako na haukulipwa, hilo ni lalamiko, na njia yake ni Tume na Mahakama, si mgomo. Katika miaka ya 2010 wafanyakazi wa TAZARA walisimamisha kazi zaidi ya mara moja kwa sababu ya mishahara iliyocheleweshwa. Ukisoma sheria utaona kwamba lalamiko halimpi mtu ruhusa ya kugoma. Ukimtazama baba asiyelipwa kwa miezi, utaelewa kwa nini hakungoja.

Kuhusu nauli, kazi ambayo Marekani ilipewa tume ya mwaka 1887, kwetu yafanywa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Magari ya umeme yalipoanza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, nauli zake zilipitia kwa Mamlaka hiyo.

8. Fundisho

Nimewaeleza habari za miaka mingi. Sasa niwape maoni yangu, nanyi mko huru kuyapinga.

Serikali ina haki ya kuzuia reli isisimame kila mara watu wawili wanapogombana. Lakini kila inapomwambia mfanyakazi "usigome", inachukua mkopo kwake, na mkopo sharti ulipwe. Malipo yake ni baraza la haki, lisilo la upande wowote, linaloamua upesi na ambalo uamuzi wake hutekelezwa. Mwaka 1947 baraza lilikuja baada ya mgomo, na watu wakajifunza kwamba mgomo ndio mlango. Mwaka 1920 Marekani baraza lilikuja mapema, lakini halikuwa na nguvu. Mwaka 1964 kwetu mdai na mwamuzi walikuwa mtu mmoja. Katika mifano yote mitatu kilichokosekana ni kimoja: mtu wa chini kuamini kwamba atasikilizwa asipopiga kelele.

Wazee wetu wa Ufipa wanaolima ntumba wajua kwamba majani yaliyofukiwa chini ya tuta hayapotei. Huoza, hupata nguvu, na msimu ujao hutoka yakiwa kitu kingine. Manung'uniko ya wafanyakazi yaliyofukiwa kwa sheria huwa vivyo hivyo. Ufanisi wa sheria ya kazi haupimwi kwa kuhesabu migomo iliyozuiwa. Hupimwa kwa kuhesabu siku kati ya lalamiko na jibu.

Basi vijana, siku mtakapoajiriwa, someni mkataba kabla ya kutia sahihi, na jiungeni na chama mnachokijua. Na yule atakayeajiri, hata kama ni kibarua mmoja wa kupalilia, amlipe siku waliyoagana.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mgomo wa reli huwaumiza watu wengi kuliko mgomo wa madereva wa malori.
2. Mwaka 1948 shirika moja la reli liliundwa kwa nchi tatu. Jambo hili liliwaleteaje shida wafanyakazi wa Tanganyika?
3. Linganisha baraza la Marekani la mwaka 1920 na sheria yao ya mwaka 1926. Kwa nini ya pili ilidumu?
4. "Mfanyakazi alipoteza silaha, akapewa ngao." Jadili usemi huu kuhusu Tanganyika na Tanzania kati ya mwaka 1962 na 1967.
5. Mdahalo: Je, wafanyakazi wa reli waongezwe katika orodha ya wasioruhusiwa kugoma? Andaa hoja tatu za kila upande kabla ya kuchagua upande wako.